Yah: Malalamiko ya kutangaziwa saratani ya mapafu kabla kinyama cha kupimwa maabara hakijachukuliwa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Taratibu zenu za kutoa majibu mnazijua kuliko mimi. Kwa heshima zote, naomba mnieleze ni utaratibu gani unaomruhusu mhudumu wa mapokezi kufungua bahasha ya mgonjwa na kusema mbele ya foleni: "Mama, hii ni saratani ya mapafu, imeshasambaa kwenye tezi."

Kinyama kilikuwa hakijachukuliwa. Kilichokuwapo ni picha ya PET iliyong'aa, ile inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa sukari yenye mionzi. Wataalamu wenu wanajua kwamba ile sukari yenye mionzi hufyonzwa na saratani, na hufyonzwa vilevile na seli za kinga zilizochachamaa. Ripoti yenu wenyewe, ukurasa wa pili, inasema tezi zimevimba kulia na kushoto, kwa kulingana. Dalili hiyo ilitosha kuwafanya muandike neno sakoidosisi, ugonjwa wa seli za kinga usio saratani, hata kwa alama ya kuuliza. Hamkuandika. Kifua kikuu nacho hamkukitaja.

Simlaumu mtu kwa kushuku saratani. Hospitali niliyokwenda baadaye nao waliishuku, ndiyo maana walipitisha kamera kwenye njia ya hewa wakachoma tezi kwa sindano. Wakakuta granuloma, yaani vifundo vya seli za kinga, zisizooza katikati kama zile za sakoidosisi, bila seli za saratani wala vimelea vya kifua kikuu. Natumia prednisoloni sasa, dawa ya kutuliza kinga. Kikohozi kimepungua, na bado wananifuatilia kwa picha, kwa kuwa granuloma huweza kuota hata jirani na saratani. Huo ndio uangalifu.

Kwenu nilisimama kaunta, binti yangu kashika mkono wangu. Mhudumu alisoma bila kuniangalia usoni. "Imeshasambaa kwenye tezi." Binti yangu akauliza, "Mama, kusambaa ni nini?" Kabla sijajibu, mhudumu akaita, "Namba 47!" Tukasogea pembeni kumpisha mtu.

Wiki 3 niliishi na maneno hayo. Niliandika wosia.

Naomba radhi ya maandishi na ripoti iliyosahihishwa. Nataka pia gharama ya kipimo irudishwe, na bahasha zisifunguliwe tena na asiye daktari. Nilikusudia kuwapa siku 14, nawapa 7. Baada ya hapo ripoti zote mbili zitakuwa mezani kwa wakili wangu na kwa baraza linalosimamia madaktari.

Mteja wenu wa namba 46