Hesabu zipo nyumbani mwetu, kwa nini watoto wasiambiwe?

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi maana jambo hili linanikera kwa kweli, watoto wetu Unguja na Pemba wanamaliza fom foo huku wanasema hesabu hazina kazi, ukiwauliza walimu wao baadhi wanajibu tu "itatoka kwenye mtihani".

Hazina kazi vipi? Mama wa mwani anajua maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, leo yakikupwa saa 4 asubuhi basi kesho ni saa 5 kasoro dakika 10. Zijumlishe hizo dakika kwa siku 15 utapata saa 12 na ushei, ndo maana bamvua (maji makubwa) la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu yote maji yanakupwa saa zile zile. Mie naona hii ni hesabu tamu sana na ipo hapo pwani kila siku.

Lakini linalonigusa zaidi ni mirathi. Kafa mwanamke, kaacha mume, mama yake na mabinti wawili. Kwa sharia ya Kiislamu mume ana robo, mama sudusi (moja ya sita), mabinti thuluthi mbili (mbili ya tatu). Sasa igawe mali mafungu 12: mume 3, mama 2, mabinti 8, jumla 13! Mali ni mafungu 12 na haki zimefika 13, utamnyima nani? Hanyimwi mtu. Mali inagawiwa mafungu 13 badala ya 12, kila mmoja anachukua idadi yake ile ile, mume 3, mama 2, mabinti 8, kwa hivyo wote wanapungukiwa kwa kiwango kimoja bila ya mmoja kuonewa. Hii ndo inaitwa aul, na wallahi kila nikiifikiria naona uzuri wake, uadilifu umetoka ndani ya sehemu tu. Hata Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, kitabu chake cha aljebra sehemu kubwa kaiweka kwenye mirathi na wasia.

Sasa mtoto jioni yuko chuoni (madrasa) anasikia sudusi na thuluthi, asubuhi skuli anafundishwa sehemu kwa kugawa keki, na hakuna anaemwambia kuwa ni kitu kimoja. Nawaomba wanaotunga mitaala wakae na walimu wa chuo, masuali ya mirathi na ya maji ya bamvua yaingie kwenye vitabu vya hesabu kuanzia darasa la sita, na mitihani iyaulize.

Mzazi,
Wete, Pemba