Nargis yupi? Barua kwa Mama Mkubwa

Leicester, Uingereza

Mama Mkubwa, shikamoo.

Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na Mjomba na wote waliomo nyumbani. Nami huku sijambo, alhamdulillah, ila baridi mwaka huu imeingia mapema.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Umesema kwamba Nargis, mwigizaji wetu wa sinema za Kihindi, ni mmoja tu, naye ni yule wa Mother India, na kwamba anayemtaja Nargis mwingine hajui picha. Nyuma yako nimemsikia Mjomba akipaza sauti kwamba bila Awaara kusingekuwa na Nargis. Ningeweza kujibu kwa simu, lakini ninyi wawili mmelibishania jambo hili, la picha ipi ndiyo kazi bora ya Nargis, tangu mimi sijazaliwa, na kwa kuwa safari hii mmenitaka nitoe hukumu, nimeona linastahili barua.

Nianze na Mjomba. Awaara ilitoka mwaka 1951, na ndani yake Nargis ni Rita, wakili kijana anayesimama mahakamani kumtetea mpenzi wake Raj, na kumhoji Jaji Raghunath, ambaye ndiye baba wa mshtakiwa huyo. Nakumbuka Mjomba alivyonisimulia kwamba wasichana wa mtaani kwenu, walipotoka sinema ya Majestic pale Vuga, Zanzibar, hawakuwa wakiimba nyimbo kama wavulana, bali walikuwa wakilizungumza lile joho jeusi, kwamba mwanamke amevaa joho na wanaume wamekaa kimya kumsikiliza. Hilo ni jambo kubwa na silidharau hata kidogo. Lakini ukiitazama picha kwa utulivu utaona kwamba aliyeiongoza ni Raj Kapoor, stelingi wake ni Raj Kapoor, na majonzi yote yaliyomo ni ya Raj. Rita anapenda, anaamini, anatetea. Hatumwoni akiwa peke yake na jambo linalomshinda. Ndivyo ilivyo pia katika Shree 420 ya mwaka 1955, ambamo yeye ni Vidya, mwalimu maskini. Uso ule chini ya mwavuli, mvua ikinyesha, sijauona mfano wake katika picha yoyote, lakini pale tunampenda Nargis mwenyewe kuliko kazi aliyoifanya.

Sasa nije kwangu, kwa maana nina jambo la kukiri. Kwa miaka mingi nimeshikilia kwamba kazi yake bora ni Raat Aur Din, picha ya mwaka 1967, nanyi hamkuwa mkinielewa kwa sababu picha hiyo hamkuipenda. Humo yeye ni Varuna, mke mtulivu ambaye usiku hutoka nyumbani akawa mtu mwingine kabisa, anajiita Peggy, anavuta sigara, anakunywa, anacheza dansi na wanaume asiowajua, kisha asubuhi hakumbuki lolote. Wakati huo alikuwa ameshaolewa na mwigizaji Sunil Dutt tangu mwaka 1958 na alikuwa ameacha sinema, akarudi kwa ajili ya picha hiyo moja, nayo ikampa Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Hoja yangu ilikuwa kwamba humo, tofauti na Mother India, hakuna jembe, hakuna mafuriko, hakuna nchi nzima inayomlilia; kuna uso wake tu, na kwa uso huo huo anatupa wanawake wawili. Kuna mahali Varuna anaelezwa aliyoyafanya usiku uliopita, naye anasikiliza kama mtu anayesingiziwa, huku hofu ikimpanda taratibu kwamba huenda ni kweli. Bado naamini kwamba wachache wangeliweza hilo.

Lakini mwezi uliopita ukumbi mmoja wa hapa mjini ulionyesha Mother India kwenye pazia kubwa, nami nikaenda pamoja na jirani yangu, mama wa Kigujarati mzaliwa wa Tanga, ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu, nyumbani kwako, nikisoma maandishi ya chini. Sikujua kwamba nilikuwa sijaiona.

Wewe husifu sana ule mwisho, Radha, ndiye Nargis, anapomlenga mwanawe Birju kwa bunduki kwa kuwa ameteka binti wa watu, na kijiji ni chake na heshima ya kila msichana humo ni yake. Nakubali kwamba ni mwisho mzito, na zile bangili ambazo Birju anazitoa anapokata roho mikononi mwa mama yake zimewaliza watu wa kila nchi. Hata hivyo, Mama Mkubwa, naomba uniwie radhi nikisema kwamba pale hadithi yenyewe inafanya nusu ya kazi. Mama amemuua mwanawe: mwigizaji wa kawaida naye angetutoa machozi. Kadhalika kile kisa cha moto uliozuka wakati wa kupiga picha huko Gujarat mwaka 1957, Sunil Dutt, aliyekuwa Birju, akaingia kumtoa Nargis, ni kisa cha kweli na ndicho kilicholeta ndoa yao, lakini kwenye mizani hii sikiweki, kwa sababu kuokolewa motoni si kuigiza.

Kilichonigeuza mimi ni nyumba ya Sukhilala, mkopeshaji fedha wa kijiji. Unakumbuka: mume ameshapondwa mikono na jiwe na ameondoka kwa aibu, mafuriko yamelala shambani, mtoto wake mdogo kabisa amekufa, na waliobaki wana njaa. Radha anakwenda kwa yule mkopeshaji aliyekuwa akimtamani siku zote, ajitoe ili watoto wale. Anaingia akiwa amepakaa matope usoni mwote, hata macho yake yanaonekana meupe mno. Sukhilala anafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Radha hamtazami. Anaitazama sanamu ya mungu wao wa kike iliyomo nyumbani humo na kuanza kusema nayo, na hapo jirani yangu akaniinamia akaninong'oneza kwa Kiswahili cha Tanga: “Anamwambia, dunia nzima unaweza kuibeba wewe, lakini mzigo wa umama hutauweza.” Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi. Safari hii niliuangalia uso, nao haukuwa unaomba wala kulia. Ulikuwa ukibishana, kama mwanamke anayebishana na mwenzake kisimani, sawa kwa sawa. Na katika kubishana huko huko ndimo anamopata nguvu ya kuukataa ule mlango alioupita kwa miguu yake mwenyewe, akampiga yule mzee na kurudi kwa wanawe. Anaingia amekwisha, anatoka mzima, na kati ya hayo mawili hakuna aliyemsaidia isipokuwa mwenyewe.

Hapo ndipo hoja yangu ya Raat Aur Din ilipoanguka. Nilikuwa nikisema kwamba kule anatupa wanawake wawili kwa uso mmoja. Basi humu anatupa watano au sita, na hakuna ugonjwa wa kumpa kisingizio. Kuna bi harusi anayeinamisha macho, kuna mke anayelima bega kwa bega na mumewe, kuna huyu wa matope, kuna mjane asiyejua kama ni mjane, kuna bibi kizee wa mwanzoni anayevishwa shada la maua kwenye ufunguzi wa mfereji na kurudishwa na shada hilo hadi siku ya harusi yake. Nargis alizaliwa Juni 1, 1929. Picha ilipotoka Oktoba 1957 alikuwa na miaka 28, na Sunil Dutt aliyekuwa mwanawe ndani ya picha alizaliwa Juni 6, 1929, siku tano tu baada yake. Mchunguze Radha anapomfukuza Birju na kumrudia, anapomchapa na kumkumbatia: hutamwona mtu na rika lake. Uzee wake haumo katika nywele walizompaka nyeupe, umo katika namna anavyokawia kabla ya kuinuka, kana kwamba kila mara anashauriana kwanza na mgongo wake. Nilipomwona akifanya hivyo nilikukumbuka wewe, pale barazani, ukiitwa kuswali.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba umeshinda, Mama Mkubwa, ila umeshinda kwa ushahidi ambao hukuuleta. Mjomba naomba asikasirike. Mwambie namtumia Awaara iliyosafishwa upya, aitazame na wajukuu, na ile sehemu ya mahakamani awasimamishie waione mara mbili.

Nina swali moja. Uliwahi kuniambia kwamba Mother India uliiona kwa mara ya kwanza ukiwa mtoto, umeshikwa mkono na bibi, kwenye onyesho la wanawake peke yao, na kwamba ukumbi mzima ulilia hadi kanga zikalowa. Hukuniambia walianza kulia wapi. Ilikuwa ni kwenye bunduki, au walikuwa wameshaanza zamani, nyumbani kwa Sukhilala? Jirani yangu anasema kwamba Tanga walianzia kwenye matope. Muulize Mjomba pia, ingawa yeye hakuruhusiwa kuingia siku hiyo, kwa kuwa huenda bibi alilisimulia walipofika nyumbani. Nijibu kwa sauti yako, nami nitamsikilizisha mama huyu, maana anasubiri.

Nisalimie wote. Fedha za dawa nimezituma Ijumaa.

Wasalaam,
mwanao.