Barafu ikikosekana, badilini kitoweo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotumia saa ya chakula cha mchana kukimbilia soko la samaki la Feri na baiskeli kununua samaki wa kupika jioni.

Samaki aliyenadiwa alfajiri, saa 7 mchana ameshakaa mezani muda mrefu. Ukimfunga kwenye keria, akangoja ofisini hadi saa 11, kisha mkasubiri pantoni ya Kigamboni, hata ndimu haitamwokoa. Wa kuogopwa zaidi ni jodari, vibua na nguru. Wakipata joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Anaweza asinuke hata kidogo, lakini mlaji akaiva uso, akawashwa mwili na kichwa kikamgonga muda mfupi baada ya kula.

Ukitaka mbichi, wapara samaki wapo palepale: wamtoe utumbo na matamvua, kisha umzike kwenye barafu iliyopondwa, kilo kwa kilo. Barafu nusu kilo kwa samaki wa kilo mbili ni pambo tu. Chukua ndoo yenye mfuniko, si kiroba. Kiroba huvuja, maji yakamwagikia rimu ya nyuma, na rimu ya chuma ikilowa breki za mpira hazishiki; utalijua hilo ukiwa nyuma ya daladala iliyosimama ghafla. Funga ndoo kwa mpira wa tyubu uliokatwa, upite mara mbili kwa kupishana juu ya mfuniko, na ncha uzichomeke zisifikie spoku. Upepo wa tairi la nyuma uongezwe kabla ya safari, maana likiwa laini na lina mzigo, shimo moja tu rimu inaing'ata tyubu. Kutundika mfuko kwenye usukani, tafadhali, acheni.

Barafu hakuna? Samaki aliwe mchana huohuo, wakaangaji wako hapohapo. Kwa jioni beba dagaa wakavu, au choroko, ambazo huiva kwa takriban saa moja bila kulowekwa. Maharage makavu hayafai kubadilishia ghafla, yanataka kulowekwa tangu usiku. Nazi ibebe nzima, ikunwe nyumbani. Tui la mchana jioni limechacha. Nazi zikae chini ya kapu, nyanya juu.

Mpenda kitoweo,
Kigamboni, Dar es Salaam