Kijana anayesikia sauti apelekwe hospitali kwanza

Mhariri,

Familia nyingi hapa Nairobi zikigundua kwamba kijana anavuta bangi na maneno yake yameanza kwenda kombo, humkimbiza kwenye kituo cha kurekebisha tabia. Huko mara nyingi hukaa miezi mitatu. Lakini si kila kituo kina daktari wa akili, na aliyeanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii hawezi kutibiwa kwa ushauri nasaha peke yake.

Aliyelewa bangi kwa kuvuta hurudi katika hali yake ya kawaida baada ya saa chache. Aliyekula keki ya bangi hulewa baada ya nusu saa hadi saa mbili, ndiyo maana vijana huongeza kipande cha pili wakidhani cha kwanza hakina nguvu, na ulevi huo unaweza kudumu nusu siku. Ila kama amekaa siku mbili tatu bila kuigusa na bado anasikia sauti, anaamini majirani wanamwinda, au sentensi zake hazishikani, huo si ulevi tena. Hiyo ni saikosisi, na kadiri inavyokaa bila dawa ndivyo inavyokuwa ngumu kutibu. Arosto, yaani mateso ya kuacha bangi, ni jambo jingine: hasira, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula katika wiki ya kwanza baada ya kuacha.

Utafiti uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaotumia bangi kila siku wana uwezekano wa kupata saikosisi mara tatu hivi kuliko wasiotumia kabisa, na bangi kali huuongeza zaidi. Mwenye ndugu wa damu anayeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu wenye saikosisi, asiiguse.

Mkifika Mathari au hospitali nyingine yenye kliniki ya akili, semeni ukweli: misokoto mingapi kwa siku, tangu lini, wa mwisho aliuvuta lini, na kama anachanganya na muguka (aina ya miraa) au pombe. Daktari anauliza ili atibu, si ili aite polisi. Ana homa, amegongwa kichwa au amepata kifafa? Elezeni hayo kwanza, kwa sababu malaria, sukari iliyoshuka na homa ya uti wa mgongo pia huvuruga akili.

Matibabu mengi huharibikia nyumbani. Haloperidoli, dawa ya kutibu saikosisi, inaweza kukaza misuli katika siku za kwanza: shingo inapinda, ulimi unatoka, macho yanageukia juu. Inatisha. Familia husema ni mapepo na kutupa dawa. Kumbe ni athari inayojulikana, huwapata zaidi vijana wa kiume, na hutulia haraka kwa benzheksoli, dawa ya kulegeza misuli hiyo. (Hiyo nayo itolewe na hospitali tu, maana mitaani hutumiwa kulewa.) Rudini siku hiyohiyo ili dawa ibadilishwe au ipunguzwe. Na akipata nafuu, kwa kawaida huendelea nayo angalau mwaka mmoja. Akiiacha mapema na kurudia msokoto, sauti hurudi.

Kwa hivyo tunawaomba wenye vituo vya kurekebisha tabia wasimpokee kijana yeyote anayesikia sauti kabla hajaonwa na daktari, na wakimpokea baadaye, wampe tembe zake kwa saa zilizoandikwa.

Wauguzi wa afya ya akili,
Nairobi