Mwanaidi, jiko la mkaa litoke chumbani

Mbagala, Dar es Salaam
28 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama mkwe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana kwa simu tungelia wote wawili hadi salio likatike. Hongera kwa kuruhusiwa hospitalini na mtoto! Kilo 1.8, na uliingia naye wodi ya njiti, hao watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, ana kilo moja na robo. Asiyewahi kulala wodi ile hajui gramu 100 zinavyopiganiwa.

Naanza na linaloniwasha, hilo ulilosema kwamba mama mkwe anawasha jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Hilo jiko la mkaa litoke chumbani leo hii. Baridi ya Lushoto ya mwezi wa sita naijua, nimeshalala hapo na masweta mawili. Na mama mkwe hana nia mbaya, watoto wake wote amewalea hivyo. Lakini mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wazima usingizini, sembuse mtoto aliyezaliwa wiki ya 31 ya mimba. Chupa ya maji moto nayo usimwekee ubavuni. Ngozi yake bado nyembamba, ataungua wewe ukidhani kalala vizuri.

Joto lake ni wewe. Endelea na kangaruu, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, vilevile mlivyofundishwa: mtoto ana nepi, kofia na soksi tu, yuko wima katikati ya maziwa yako, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande. Kidevu kisizame kifuani, shingo ikikunjika njia ya hewa inabanwa. Funga kitenge kiishie usawa wa sikio lake, kisha sweta lako la vifungo juu. Usiku lala chali umeegemea mito, kichwa na kifua viwe juu.

Mama mkwe akisema huo ni uzungu, mweleze kwa adabu kwamba mambo haya yalianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye hospitali iliyoelemewa, mashine za joto hazitoshi na watoto wanalazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja. Madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez ndio waliowarudisha watoto vifuani kwa mama zao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema njiti abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani.

Saa 24 haziwezi mtu mmoja. Shemeji avue shati naye abebe. Baba Imani alikuwa anaogopa hata kumgusa Imani wetu, lakini baadaye akawa anaangalia mpira na mtoto kifuani; Yanga wakifunga anaziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka, hatoi sauti. Na mama mkwe mpe zamu pia! Akishamsikia mjukuu anapumua kwenye ngozi yake, habari ya jiko itakwisha yenyewe. Hiyo ndiyo dawa yake, kuliko kubishana naye.

Kunyonya: usisubiri alie. Njiti hulala na njaa yake. Mwamshe kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Akichoka kabla hajashiba, kamua umpe kwa kikombe kidogo. Kiguse tu mdomo wa chini, arambe mwenyewe, usimmiminie. Chupa achana nazo, kuzisafisha ni kazi na vijidudu vinajificha kwenye chuchu. Maji ya glukosi hapana, maji ya dawa za tumbo hapana, hata akija nayo shangazi. Mpeleke kupimwa uzito kila wiki. Kwa kilo zake anatakiwa aongeze kama gramu 25 kwa siku. Ukiwa huko ulizia matone ya madini chuma, na kipimo cha macho. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 lazima aangaliwe ndani ya jicho mapema, usisubiri mpaka uone tatizo.

Pumzi zake zitakutisha. Zinasita sekunde chache, halafu zinakuja harakaharaka. Hiyo ni kawaida yao. Lakini zikisimama kufikia sekunde 20, au midomo ikigeuka bluu, msugue unyayo na mgongo, muondoke hapohapo kwenda hospitali. Vilevile akikataa kunyonya, akiwa wa baridi hata baada ya kukaa kifuani, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika ametulia tu, mbavu zikizama, akiwa wa njano hadi nyayoni au akipata degedege. Usingoje kukuche. Namba ya bodaboda wa karibu ibandikeni ukutani.

Wageni wenye mafua wapokelewe na mama mkwe mlangoni. Cheo hicho kitamfaa, nani Lushoto nzima atabishana naye?

Chanjo hesabu tangu siku aliyozaliwa. Kukaa na kutambaa hesabu tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa, na majirani wenye midomo uwape hesabu hiyohiyo.

Halafu hilo la kuitwa urudi kazini mapema. Sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025: ukijifungua njiti, muda uliobaki kufikia wiki 40 unaongezwa kwenye likizo yako ya uzazi. Andika barua, ambatanisha karatasi ya kuruhusiwa, ubaki na nakala yenye mhuri.

Nimefuma kofia tatu za sufu, zinakuja na basi la Jumamosi. Konda nimempa namba ya shemeji, aende stendi na kitambulisho. Jumapili jioni nitampigia mama mkwe mwenyewe, nitaanzia kwenye habari za mahindi kwanza.

Wako,
Mama Imani