Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: tembe za foliki zisingoje tumbo lionekane

Mheshimiwa Waziri,

Salaam na heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Kisauni. Nakuandikia kuhusu tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki (aina ya vitamini B) wanazopewa wajawazito. Zinatufikia zimechelewa, na wanaoumia ni watoto.

Mimba yangu ya kwanza niliipeleka kliniki ikiwa ya miezi mitano. Sikuwa mzembe. Kwetu mimba changa haitangazwi, hufichwa kwa kuogopa jicho la watu. Nilipimwa damu, nikaambiwa imepungua, nikaandikiwa tembe. Kwenye dirisha la dawa nikaambiwa zimekwisha, nikanunue nje. Hakuna aliyenieleza kazi yake. Nilijua tu ni "dawa ya damu"; nikameza wiki mbili, zikanichafua tumbo, nikaacha.

Niliyoyajua baadaye ndiyo yanayoninyima usingizi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga. Wakati huo mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona hajaziona siku zake. Foliki ikipungua mwilini, mfereji ule unaweza kubaki wazi, mtoto akazaliwa na mgongo wazi au ubongo usioumbika. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya utafiti kwa kina mama waliowahi kupata mimba ya namna hiyo: waliomeza foliki kabla ya kushika mimba na mwanzoni mwake, hatari ya kurudiwa na msiba ule ilipungua kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mtoto. Tembe zangu za mwezi wa tano zingenisaidia damu. Mfereji ulikuwa umekwisha kujifunga kitambo.

Na damu yenyewe si jambo dogo. Ubongo unaokua unahitaji chuma ili ujenge utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, na mtoto huchota akiba yake kwa mamake, hasa miezi mitatu ya mwisho. Wiki iliyopita nilimsindikiza wifi yangu zahanati kuulizia kutoa kijiti cha uzazi wa mpango. Kwenye benchi alikaa mama mmoja, tumbo limeshamkaa, amefunga bonge la udongo kwenye pindo la leso. Anamega kidogo kwa kidole gumba, anatia mdomoni, anajifuta, anafunga tena. Muuguzi alipopita akamkaripia: "Wacha uchafu huo!" Mama wa watu akaona haya, akajitanda leso usoni. Hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe waweza kukizuia chuma kisiingie mwilini. Ilikuwa dalili, iko mbele ya macho yetu sote, ikajibiwa kwa karipio.

Nasaha za chakula nazo ni mbili tatu za kukariri: kula mlo kamili, kula matunda. Kwa nini tusiambiwe kwa vyakula vyetu? Mbaazi tunazolia mahamri zina foliki. Mchicha na majani ya kunde pia. Chai ya mkandaa inywewe mbali na chakula kwa sababu huzuia chuma, na mboga ikamuliwe ndimu kwa sababu ndimu hukisaidia. Mayai, ambayo mimi nilikatazwa na bibi yangu ati mtoto atazaliwa kipara, yana kolini inayojenga ubongo. Dagaa wana mafuta ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Papa na nduaro ndio wa kuepukwa, kwa zebaki iliyomo ndani yao, nayo huumiza neva za mtoto aliye tumboni. Papa wa kupaka, Mheshimiwa! Nimemla mimba zote tatu na hakuna aliyeniambia neno.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, utiwe chuma na foliki. Unga wa kusagisha mashineni mtaani kwa kawaida hautiwi, na ndio wengi wetu tunaosongea sima.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma ya zahanati, ndiyo maana naja kwako. Naomba mwanamke anayekuja kutoa kijiti au kuacha sindano apewe foliki siku hiyo hiyo, bila kuulizwa mimba iko wapi. Tembe zisikatike dirishani. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wanatuzungukia nyumba kwa nyumba, wabebe habari hii kabla ya mimba. Na tafadhali waiteni kina somo na makungwi wa mji huu, wanaowafunda wari. Mwari wetu hufundwa mengi kabla ya kuingia nyumbani kwake, na neno la somo lina uzito kuliko bango la ukutani. Wakielezwa vizuri, watalifikisha.

Wifi yangu alipewa tarehe ya kutoa kijiti, mwezi ujao. Alisema wazi kwamba wanataka mtoto. Foliki haikutajwa. Siku hiyo nitakwenda naye tena, na tutaziulizia tembe dirishani.

Wako kwa heshima,
Mama wa watatu, Kisauni