Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Assalaam alaykum, ndugu wanachama, wageni wetu waalikwa, na nyinyi mliotoka Pemba kwa boti ya asubuhi na bado mnaiona sakafu inayumba.

Katiba ya chama chetu cha waandishi wa Unguja na Pemba inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kila mwaka, isizidi nusu saa. Mwaka jana nilipindukia, kwa hivyo leo Katibu ameniwekea saa hapa mezani, na nyengine kaishika mkononi. Nitaanza na diwani, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Diwani yetu ya kwanza imetoka: hadithi fupi 9 na mashairi 22, nakala 500. Tuliichapisha Dar es Salaam kwa shilingi milioni 2 na laki 4. Wapo waliouliza kwa nini tusichapishe 100 tu tukaona kwanza upepo unavumaje. Tulipiga hesabu. Ukichapisha chache, kila nakala inakuwa ghali hata uone haya kumtajia mtu bei. Ukichapisha nyingi, unalala nazo chumbani. Tulichagua kulala nazo.

Maboksi yalitakiwa yafike mwanzoni mwa Mei. Siku hizo hizo ndipo Kimbunga Hidaya kilipokaribia, safari za boti baina ya Dar na Unguja zikasitishwa, na vitabu vyetu vikabaki ng'ambo ilhali watu tumeshawaalika na maandazi yameshaagizwa. Uzinduzi tukaufanya bila ya kitabu. Kila mtu alisoma kazi yake kwenye simu, na mgeni rasmi akakata utepe uliofungwa juu ya bahasha. Nilicheka siku ile. Maboksi yalipofunguliwa baadaye, kicheko kiliniisha nilipofika ukurasa wa 31.

Ukurasa wa 31 una shairi la mwanachama wetu wa Wete. Yeye aliandika hivi:

Kaja mgeni wa pwani, kabeba chumvi na moto.

Hesabuni silabi kwa vidole: nane kwa nane. Msahihishaji aliyepewa kazi na mchapaji aliona "kaja" na "kabeba", akadhani mtunzi kasahau nusu ya neno, akamsaidia. Kitabuni ikawa "Amekuja mgeni wa pwani, amebeba chumvi na moto", yaani kumi kwa tisa. Shairi likachechemea kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Wala si hilo peke yake. Mashairi saba yaliyotungwa kwa lahaja za Pemba na Tumbatu yalinyooshwa namna hiyo, na hakuna hata moja lililobaki na mizani yake.

Sitamtupia lawama yeye tu. Nakala ya mwisho ya kuidhinisha ililetwa kwenye simu yangu saa nne ya usiku, siku ambayo nilikuwa na madaftari 80 ya skuli ya kusahihisha. Nilipitisha jicho, nikaona majina yetu yameandikwa sawa, nikajibu "endeleeni". Anayefundisha mchana kutwa huisoma kazi yake mwenyewe kwa jicho lililobaki. Kosa ni langu na naomba radhi mbele yenu. Kwa mtunzi mwenyewe nilishaomba, pale gatini Mkoani, Pemba, na alinijibu kwa methali ambayo siwezi kuirudia mbele ya wageni.

Lakini alikuja. Alivuka na kalamu za wino mweusi, akakaa siku tatu barazani kwa Mweka Hazina, akaanza kufuta na kuandika upya, nakala moja baada ya moja, nasi tukamsaidia. Nakala 500, mashairi saba. Ili tusikosee ilibidi mmoja wetu awe anasoma kwa sauti huku wengine wanaandika. Siku ya pili vidole vilikuwa vinauma hata kikombe hakishikiki. Siku ya tatu, alasiri, nikawasikia watoto wa mtaa wanacheza nage, na wimbo wanaouimba ni "Kaja mgeni wa pwani". Walilihifadhi kwa kutusikia, beti zote sita, bila ya kuombwa. Katika miaka 19 ya kuandika sijapata kusikia tahakiki nzuri kuliko ile.

Wateja sasa wanauliza, "Hii ni ile ya wino?" Jibu ni ndiyo, zote ni za wino.

Tumeuza nakala 212. Nakala 107 tumeziuza wenyewe kwa mkono, shilingi 8,000 kila moja; 105 zimepitia madukani kwa 6,000. Skuli tumezipa 40 za bure. Zimebaki 248. Madukani tunaweka kwa mali kauli, yaani duka hulipa likishauza, na wenye kuijua biashara hiyo wanajua kwamba kauli ni nyepesi kuliko mali: nakala 20 zimeuzwa na fedha zake bado tunazifuata. Kila nikipita naambiwa mwenyewe katoka sasa hivi.

Pemba tulikosea majira. Tulipanga hafla Chake Chake katikati ya msimu wa karafuu, wakati kila mwenye mkono yuko juu ya mkarafuu na kila mwenye mgongo yuko chini anachambua na kuanika. Walikuja watu wanne, na mmoja wao ni mlinzi wa ukumbi. Watu walipokwisha kulipwa karafuu zao, vitabu 38 viliondoka kwa wiki moja bila ya hotuba wala soda.

Sasa niseme la sanduku, ambalo katika ajenda limeandikwa mwisho kwa herufi ndogo.

Mnalikumbuka: sanduku la bati la kijani, lile la kuendea bweni, lenye vitabu 60 vya kuazimisha tulivyochangishana. Gharama yake kwa mwaka mzima ni nauli ya daladala, maana linapanda juu ya gari na mchele. Limekaa Makunduchi, likaenda Nungwi, likavuka mpaka Chake na kurudi. Vitabu vinne havijarudi, na kimoja kimerudi na manjano ya mchuzi kuanzia sura ya tatu hadi mwisho, dalili kwamba kilisomwa jikoni bila ya kuwekwa chini. Hapa mjini adui yake ni fukuto. Kuta za Mji Mkongwe zinatoa unyevu, masika yakiingia vitabu vinaota ukungu mweupe, na kila Ijumaa baada ya sala tunavitandaza juani juu ya jamvi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita aliuliza pishi tunauza kiasi gani.

Ni sanduku hilo lililotupatia Ramadhani ambayo sitaisahau. Baada ya tarawehe tulikuwa tunakaa barazani na kahawa, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Tulichagua Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya 1979, kwa kuwa inahusu bandari yetu hii na mgomo wa makuli wa 1948. Alikuwapo mzee ambaye baba yake alikuwa hamali. Alisikiliza usiku kumi hakutia neno. Usiku wa kumi na moja akauliza, "Mwandishi huyu alikuwapo?" Tukamwambia mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka minane. "Basi kayajuaje?" Hakungoja jibu. Akaanza kutusimulia ya baba yake mpaka daku, na kitabu kikalala kimefunguka mapajani mwa msomaji.

Nungwi walitusomesha kwa njia nyengine. Mwanachama wetu mmoja, afisa wa forodha mchana na mwandishi wa hadithi usiku, katika diwani ameandika kwamba mabaharia "wakapandisha mlingoti". Mvuvi mmoja alimsimamisha ufukweni, kitabu kimekunjwa mfukoni. "Mlingoti haupandishwi, bwana. Mlingoti umesimama. Kinachopandishwa ni foromali, na tanga limefungwa humo." Amenunua kitabu kwa 8,000, akakisoma, na akamtafuta mwandishi ili amsahihishe! Afisa wetu aliona haya wiki nzima, kisha akarudi Nungwi na daftari. Mpaka leo anarudi.

Septemba tulisoma Peponi. Abdulrazak Gurnah aliitoa riwaya ile kwa Kiingereza mwaka 1994. Kiswahili chake, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, kimekuja 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Miaka 28. Aliyezaliwa mwaka kitabu kilipotoka alikuwa ameshapata watoto kabla mama yake hajaweza kukisoma kwa lugha ya nyumbani. Nakala tulikuwa nazo mbili kwa wanachama 34, ikabidi tuweke foleni kwa karatasi, na kuna mtu, hatumtaji, aliyejiandika mara tatu kwa majina tofauti. Katika mjadala watu hawakubishana sana juu ya tuzo. Walibishana saa mbili nzima juu ya maneno, lipi linasemwa hivi na lipi siyo, na nani bibi yake alikuwa akilisema vipi.

Juu ya kipato nitakuwa mfupi, kwani hakuna kipato. Hapana hata mmoja miongoni mwetu anayekula kwa kalamu. Mwenzetu mmoja ameitwa Dar na mchapishaji wake kusaini na kupokea mrabaha wa mwaka, yaani fungu lake la mauzo, asilimia 10 kwa mujibu wa mkataba. Nauli ya kwenda na kurudi ikaumeza wote na akadaiwa chai. Mwengine muswada wake umekaa mwaka wa pili kwa mchapishaji bila ya jibu, hata la kukataliwa. Na mwenzetu wa Kikwajuni alikwenda harusini akasikia mshereheshaji anasoma shairi lake, neno kwa neno, kisha akamalizia, "Hayo ni maneno ya wahenga." Limezunguka kwenye simu za watu mpaka jina lake likadondoka njiani. "Nimekuwa mhenga na miaka 38," aliniambia. Alikuwa na hasira, na alikuwa anatabasamu, na sikujua nimpe pole au hongera.

Mimi mwenyewe mwaka huu nimeandika kurasa 11. Huamka kabla ya alfajiri, natia maji ya chai jikoni, naandika mpaka mtoto wa kwanza aite. Siku nyingi muda huo niliutumia kuandika barua za chama. Silalamiki, nasema ili anayetaka kiti hiki ajue bei yake.

Hesabu kamili anayo Mweka Hazina na ataisoma. Kwa ufupi, wanachama 19 kati ya 34 wamelipa ada. Diwani imeingiza shilingi 1,366,000 mkononi, na kuna 120,000 za madukani. Tulikopa laki 6 kwa mwanachama mmoja ili tumalizie malipo ya mchapaji. Tumerudisha laki 4. Hajatudai laki 2 zilizobaki, na ndiyo maana inafaa tumlipe upesi.

Kamati imegawanyika juu ya mwakani. Wenzangu watatu wanataka diwani ya pili. Mimi nasema hapana, si mwakani. Tumalize zile 248, na kila shilingi itakayopatikana baada ya deni iende kwenye sanduku la pili, likae Pemba moja kwa moja, lisingoje hisani ya boti. Najua ni ajabu mwandishi kuwaambia waandishi wasichapishe. Lakini mvuvi wa Nungwi na mzee wa usiku wa kumi na moja hatukuwapata kwa kuchapisha. Mtapiga kura baada ya chakula, na nikishindwa nitakuja kusahihisha kurasa za diwani ya pili mimi mwenyewe, mchana, nikihesabu kwa vidole.

Muda wangu wa miaka mitatu umekwisha na sigombei tena. Muhuri na faili anavyo Katibu. Ufunguo wa sanduku ninao hapa, na nitamkabidhi mtakayemchagua. Kufuli lake limeingia chumvi: litiwe mafuta ya nazi kila mwezi, na ufunguo uzungushwe kushoto kidogo kwanza, ndipo kulia.